Mwanza mpaka Minneapolis: kilomita 12,960 na saa 68 za Mama

Dada yangu anayeishi Minneapolis, Marekani, aliponipigia kusema ana ujauzito na anataka Mama awepo wakati wa kujifungua, kitu cha kwanza nilichofanya ni kugugo umbali. Nikaandika Mwanza, nikaandika Minneapolis, ikaja kilomita 12,960 hivi, muda wa kuruka kama saa 15. Nikamsomea Mama pale pale kibarazani Kirumba, yeye anachambua dagaa kwenye ungo, akanyamaza kidogo halafu akaniuliza, "Saa kumi na tano kwa chombo gani?"

Sikuwa na jibu. Nilijibu tu "ndege Mama", ila lile swali lilinikaa kichwani wiki nzima maana kweli, ndege gani? Hakuna ndege inayotoka Mwanza inaenda Minneapolis. Ile namba inapatikana hivi: wanachukua nukta mbili juu ya dunia, wanapima mstari mfupi kuliko yote kati yao, wanagawa kwa mwendo wa kilomita kama 900 kwa saa, wanaongeza nusu saa hivi ya kupaa na kutua, basi. Hesabu ni sahihi kabisa, ila ni hesabu ya safari ambayo hakuna mtu amewahi kuisafiri. Sio kwamba ndege haziwezi, zipo zinazoruka Singapore mpaka New York kilomita kama 15,300 bila kutua, zaidi ya saa 18 hewani. Ila ile ni biashara ya miji miwili mikubwa yenye abiria wa kujaza ndege kila siku, sisi huku abiria wa kwenda Minneapolis moja kwa moja wa kujaza hata Hiace tutawatafuta.

Kwa hiyo nikakaa chini kupanga safari yenyewe. Naandika hapa kwa sababu najua wengi tuna ndugu huko nje, na siku moja mtatakiwa kumpeleka mzazi ambaye hajawahi kupanda ndege hata ya Bukoba, na mkiangalia ile namba ya saa 15 mkaamini mtamtesa bure.

Njia tuliyoipata ni Mwanza kwenda Dar, Dar kwenda Amsterdam, Amsterdam kwenda Minneapolis. Kipande cha kwanza kilomita kama 850, cha pili kama 7,350, cha tatu kama 6,690. Ukijumlisha unapata 14,890, yaani karibu kilomita 2,000 zaidi ya ule mstari mfupi. Na angalia vizuri, kipande cha kwanza kinakupeleka kusini mashariki, wakati Marekani kwa hapa kwetu iko kaskazini magharibi. Unaanza safari kwa kuipa mgongo sehemu unayoenda! Hicho ndo kitu Mama alikikataa kabisa. "Yaani niende Dar kwanza ndo nirudi juu?"

Nikachukua mpira wa mwanangu na maka peni. Nikachora mstari kuzunguka katikati, nikamwambia hii ikweta, sisi Mwanza tuko hapa chini yake kidogo tu, nyuzi mbili na nusu. Minneapolis nikaiweka huku upande wa pili, katikati kabisa ya ikweta na ncha ya kaskazini, maana uko kwenye nyuzi 45. Halafu nikakata uzi wa nailoni, ule wa kushonea nyavu, nikaushika kwa kidole kwenye nukta ya Mwanza, nikampa Mama ncha nyingine nikamwambia vuta mpaka ukaze uguse nukta ya Minneapolis. Uzi ukikaza haubishani, unatafuta njia fupi wenyewe. Ukapita juu ya Kongo, ukakatiza Sahara, ukatokea baharini karibu na Ureno, ukavuka Atlantiki ukaingia mashariki ya Kanada ndo ukashuka Minneapolis. Mama akauangalia ule uzi muda mrefu, akaushusha akauvuta tena mara ya pili peke yake. Mtu aliyeishi na wavuvi maisha yake yote, uzi anauelewa kuliko ramani yoyote ya ukutani.

Halafu nikavuta ule wa Amsterdam na Minneapolis. Hapo ndo kuna kitu ambacho wengi hawakijui, mimi mwenyewe nimekijua ukubwani. Amsterdam iko nyuzi 52 kaskazini, Minneapolis 45, kwa hiyo kwenye ramani ya ukutani unaona ndege inatakiwa iende magharibi huku inashuka kidogo. Lakini uzi haufanyi hivyo! Unapanda kwanza kaskazini, unafika kama nyuzi 60, karibu na ncha ya kusini ya Greenland, ndo unaanza kushuka. Ramani ya ukutani ni dunia iliyobanjuliwa ikalazwa, na ukishabanjua mpira lazima kuna mahali pananyooka uongo. Nikamwambia Mama, ukiwa kwenye ndege ukiona kwenye kile kioo cha ramani kwenye kiti cha mbele yako kandege kanaelekea kwenye barafu usiogope, ndo njia.

Sasa kuhusu muda. Mama kipimo chake ni meli. Kabla hajaacha biashara ya kusafiri alikuwa anaenda Bukoba na MV Victoria, unapanda usiku saa tatu, unalala kwenye kiti au kwenye mizigo, kunakucha ndo mnaona Bukoba. Kwa mstari wa ndege Mwanza na Bukoba ni kilomita kama 175 tu, ila kwa Mama Bukoba ni usiku mzima, ni saa tisa, na hizo saa tisa anazijua mwilini mwake: kiuno kinaumaje, miguu inavimbaje, saa ngapi usingizi unakata. Nikapiga hesabu nikaona Dar mpaka Amsterdam ni saa tisa na dakika ishirini na kitu, Amsterdam mpaka Minneapolis ni saa tisa. Nikamwambia Mama ni Bukoba mbili, na katikati unashinda gatini asubuhi nzima ukisubiri meli ya pili. Hapo akaelewa mara moja, hata uso ukalegea. Akasema "Bukoba mbili naziweza."

Kilomita hazikumwambia kitu. 175 na 7,350 kwake ni usiku ule ule mmoja, na kwa kweli kwa mwili wa binadamu ndivyo ilivyo.

Basi tukakata tiketi. Hapa naomba mnisikilize vizuri maana ndo sehemu inayoumiza watu. Tiketi ya Dar mpaka Minneapolis ilikuwa moja, lakini ya Mwanza mpaka Dar tuliikata pembeni kwa kampuni nyingine, ilikuwa nafuu zaidi. Ukikata hivyo jua kwamba yule wa ndege kubwa hakujui kabisa kabla hujafika Dar. Ukichelewa kwa sababu ya ndege ya Mwanza, hiyo ni shida yako na tiketi yako imekufa. Ikiwa tiketi ni moja toka mwanzo mpaka mwisho ndo wao wanawajibika kukutafutia ndege nyingine. Kwa sababu hiyo nikamwambia dada, Mama aondoke Mwanza Jumanne asubuhi, alale kwa shangazi Temeke, ndege ya Amsterdam iwe Jumatano usiku. Dada akasema siku nzima inapotea bure. Nikamwambia haipotei.

Jumanne tukatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, ndege ilikuwa iondoke saa moja. Tumefika uwanjani, tumekabidhi mabegi, tangazo: imesogezwa saa sita mchana. Saa sita ikasogezwa saa kumi. Saa kumi wakagawa maji na biskuti, hakuna anayeeleza kitu cha maana, watu wengine wana wagonjwa wanawahi hospitali Dar, kuna kijana mmoja ana usaili kesho yake asubuhi anazunguka tu na bahasha mkononi. Mama alikaa kwenye kile kiti cha chuma kuanzia alfajiri na mkoba wake mapajani. Nilikasirika sana siku ile, na bado nina hasira, kwa sababu kuchelewa kunaweza kutokea kwa yeyote lakini kumwacha mtu mzima zaidi ya saa kumi na nne bila kumwambia ukweli ni kutomheshimu. Ndege iliondoka saa tatu na nusu usiku. Akatua Dar kabla kidogo ya saa tano usiku, shangazi na mumewe wanamsubiri.

Saa tano kasoro dakika tano ndo muda wa kuondoka ile ndege ya Amsterdam! Kama tungeikata ya siku ile ile Mama angefika Dar anaisikia inapaa.

Jumatano akalala mpaka mchana kwa shangazi, akaoga, akala ugali na sato ambao mwenyewe alimbebea shangazi kwenye barafu toka Mwanza (walifika salama, nashangaa mpaka leo), jioni wakampeleka Teminali 3.

Nilikuwa nimemwandikia karatasi. Hii naomba kila mtu afanye, ni kitu kidogo ila kimesaidia kuliko vyote. Tiketi imeandikwa 22:55, 07:20, 13:00, 15:00, na kila moja ni saa ya mji wake, Mama hizo hazisomi na hata anayezisoma anaweza kuchanganyikiwa. Nikaandika kwa kalamu kubwa, saa za Kiswahili, saa ya kule na saa ya nyumbani zikiwa pamoja:

"Dar unaondoka saa 5 kasoro dakika 5 usiku. Amsterdam unafika saa 1 na dakika 20 asubuhi ya kule, nyumbani itakuwa saa 2 na dakika 20. Unapanda tena saa 7 mchana ya kule, nyumbani saa 8. Unafika kwa dada saa 9 alasiri ya kule, nyumbani saa 5 usiku."

Akaikunja akaifunga kwenye pindo la kanga. Na saa yake ya mkononi nikamwambia asiiguse, aiache ya Mwanza mpaka afike mlangoni kwa dada. Ukiangalia hiyo karatasi utaona kitu kizuri: ametoka Dar saa tano usiku na amefika saa tano usiku, ni siku moja kamili. Lakini kwa saa za kule kwenye tiketi inaonekana kama kasafiri saa 16 tu, kwa sababu Minneapolis mwezi wa sita iko nyuma yetu saa 8. Kuanzia Novemba wanarudisha saa zao nyuma inakuwa 9, mpaka Machi. Sisi huku hatuna haja ya kuhangaika na saa, jua letu hapa Mwanza linatoka kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja asubuhi na linazama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni mwaka mzima, tofauti ni kama nusu saa tu, ndo maana Mswahili anaanza kuhesabu saa jua linapotoka. Hii hesabu yetu imetengenezwa na watu wanaokaa karibu na ikweta, huku ndo kwao.

Na Amsterdam tulimwombea kiti cha matairi. Sio kwamba Mama hawezi kutembea, Mama anapanda mawe ya Kirumba kila siku na ndoo kichwani. Ni kwamba ule uwanja ni mkubwa, maandishi ni ya Kizungu na Kiholanzi, na ukiombewa kiti kuna mtu anakupokea mlangoni mwa ndege anakupeleka mpaka mlango wa ndege nyingine. Unaomba wakati wa kukata tiketi, bure. Na faida nyingine ya hii njia ni kwamba Marekani unapita uhamiaji na kuchukua mabegi kwenye uwanja wa kwanza unaotua, hata kama unaendelea mbele. Kama tungempitisha New York au Chicago angetakiwa achukue mabegi, ayakabidhi tena, atafute ndege nyingine peke yake. Kwa hiyo bora angetua moja kwa moja kwenye mji wa dada.

Sasa hii ndo sehemu ambayo Mama mwenyewe anaisimulia kila akipiga simu. Alikaa dirishani upande wa kulia, na alfajiri ndege ikiwa inaikaribia Ulaya, kwenye saa kumi na moja na nusu ya saa yake, akaona kunapambazuka. Akasali alfajiri pale pale kwenye kiti, halafu kwenye saa kumi na mbili akaliona jua linatoka. Akafika Amsterdam, jua. Akapanda tena, jua. Kwa sababu sasa ndege inakimbia magharibi, na jua nalo linaenda magharibi, ni kama unalifukuza, halikuachi haraka. Saa yake ikasema saa kumi na mbili jioni, nje kweupe. Saa mbili usiku, kweupe. Kwenye kioo akakaona kale kandege kanapanda kuelekea Greenland, jirani yake akawa anaulizauliza kwa mshangao, Mama yeye katulia, maana uzi alishauvuta mwenyewe.

Akatua, uhamiaji, mabegi, kilo mbili za dagaa zikaangaliwa zikapita, akafika nyumbani kwa dada saa kumi na moja jioni ya kule. Kwetu ilikuwa saa saba usiku na mimi nimekaa macho na simu. Akaniambia "nimefika, na adhuhuri haijatoka bado, ngoja nisali." Saa saba usiku ya saa yake ya mkononi anasali adhuhuri! Magharibi ikaja saa tatu usiku ya kule, kwa sababu mwezi wa sita Minneapolis jua linazama saa tatu usiku, na kwetu wakati ule ilikuwa saa kumi na moja alfajiri ya Ijumaa, muadhini hapa mtaani anakaribia kuanza. Yaani tangu alione likitoka mpaka alione likizama jua lilikaa juu yake kama saa 23. Anasema hajawahi kuona mchana mrefu hivyo na hataki kuuona tena.

Hesabu yangu ya mlango kwa mlango, kuanzia Kirumba Jumanne saa kumi na moja alfajiri mpaka sebuleni kwa dada: saa 68. Hewani ni kama saa 20 tu. Zilizobaki zote ni kukaa, kusubiri, kulala kwa shangazi, kupanga foleni. Ukigawa zile kilomita 14,890 kwa saa 68 unapata kilomita 219 kwa saa, sio mbali sana na treni ya SGR ya Dar na Dodoma inayokimbia 160. Huo ndo mwendo halisi wa mtu anayetoka Mwanza kwenda mbali.

Siku ya tatu akanipigia ana neno. Kule msikitini, na pale dada amemwekea mswala, wanaelekea kaskazini mashariki. Mama akasema hapana, Makka kwa Marekani iko mashariki na chini, maana Makka iko kwenye joto na huku ni baridi, aliona hata kwenye ramani ya ukutani ya mjukuu wa jirani. Nikamwambia Mama, kamata ule uzi. Nilikuwa na mpira mkononi huku nikauvuta mwenyewe, kutoka Minneapolis mpaka Makka, na ukikaza unaondoka Minneapolis ukielekea kaskazini mashariki kweli, ndo unakuja kushuka. Ni jambo lile lile la Greenland. Sisi hapa Mwanza tunaelekea karibu kaskazini tupu, tunakata kidogo tu mashariki, maana Makka iko juu yetu na sio mbali kiasi hicho. Akanyamaza. Kesho yake asubuhi akasema ameamka mapema akaangalia jua la kule linatoka wapi, akaliona linachomoza kulia kidogo tu kwa mswala, basi roho yake imetulia.

Mtoto amezaliwa, wa kike, kilo tatu na nusu, Mama amempakata kwenye picha na ile kanga yenye pindo lililofungwa karatasi.

Kurudi ni Septemba. Tofauti ya kurudi ni kwamba juu kule kuna upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, kwa hiyo Minneapolis mpaka Amsterdam itakuwa kama saa nane badala ya tisa, na jua litakuwa linakuja kumpokea, usiku wake utakuwa mfupi. Dada ameniuliza kama anaweza kumtafutia ndege ya Mwanza siku hiyo hiyo atakayotua Dar ili awahi nyumbani. Mama amejibu mwenyewe kabla yangu, kwenye simu ya pamoja: "Mwambieni shangazi yenu aniwekee maji ya kuoga, nalala Temeke."